Papa Kitunguu Anasema

Papa,

Nimeolewa.

Nimeliweka neno hili mbele ya mengine yote kwa sababu ndilo ungetaka kulisikia kwanza, na kwa sababu nikianza na yale mengine sitaweza kulifikia. Nimeolewa, Papa! Ni mke wa mtu. Anaitwa Paluku, mtoto wa wale wafanyabiashara wa Butembo wenye duka la chumvi na sabuni pale njia panda ya Sake. Anaendesha pikipiki ya baba yake kati ya Sake na Nyabiondo. Ulimwona. Ni yule aliyekuwa akituletea maharagwe kambini, tulipokuwa tumekimbia vita, kutoka kwa baba mdogo anayekaa Kingi, nawe ukauliza mbele yake, bila hata kupunguza sauti, "Huyu kijana wa Butembo anatafuta nini hapa kila siku ya Mungu?" Alikuwa ananitafuta mimi. Ulijua. Uliuliza ili uone kama ataona haya, na aliona haya mpaka akaondoka bila kofia yake.

Sijui niseme nini juu yake ambacho hakitakufanya ucheke. Anapangusa kiti cha pikipiki kwa shati lake mwenyewe kabla sijakaa. Ananiita Madame mbele ya watu. Mvua ikinyesha tunajikinga chini ya paa la mtu tusiyemjua, naye ananisimulia maisha yetu ya mbele kana kwamba ameyasoma mahali: nyumba ya mbao, bati jipya, mimi nikifundisha shule ya msingi, yeye akirudi na samaki wa Minova. Nikiandika jina lake naliandika polepole, herufi kwa herufi, kama siku ya mtihani wa diplome, ule wa kumaliza sekondari. Nampenda, Papa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akiwa na furaha kabla hata hajakumbuka sababu yake.

Halafu nakumbuka. Kila asubuhi ni hivyo hivyo: furaha kwanza, halafu wewe.

Siku walipoleta mbuzi wa mahari, baba mdogo ndiye aliyekaa kwenye kiti chako. Alijitahidi. Aliuliza maswali yote ambayo ungeuliza. Ila hakukohoa pale ambapo ungekohoa, kile kikohozi chako cha kuwaambia watu kwamba bado hujasema neno la mwisho, na mimi nyuma ya pazia nilikuwa nakingoja. Mama aliniona. Alinibana mkono akasema, "Usilie sasa, watazania haumupendi."

Baada ya harusi Mama alinipa kazi. Alinikalisha jikoni akasema, "Sasa uko na bwana, na bwana yako iko na piki. Njia imefunguka. Wende kwa dada yako, umuambie."

Kwa maana Dada Riziki alikuwa hajui, Papa. Mwaka mzima na zaidi tangu tulipokuzika, na binti yako mkubwa kule upande wa Walikale alikuwa hajui kwamba hana baba. Unajua ukoo wetu: kifo cha mzazi hapewi mpita njia akibebe. Hata kama simu ingefika kule kwao, na haifiki, Mama asingekubali. Mtoto wa nyumba anakwenda mwenyewe, anakaa chini, anasema. Lakini kwa wanawake wawili peke yao njia ilikuwa imefungwa na vita. Wenye kujua kifo chako walipita kimya, kama inavyotakiwa, na wengine hawakupita kabisa. Basi safari yangu ya kwanza na mume wangu, safari ambayo maharusi wengine wanaifanya wakicheka, mimi niliifanya nikiwa nimekubeba mdomoni.

Na kulikuwa na jambo la pili, wewe unalijua kuliko mimi. Mzee Balume, mkwe wako.

Dada alipoolewa uliwapa wakwe zawadi ambayo baba wa kilima chetu huwapa wakwe anaowaheshimu: mzigo wa machipukizi ya migomba, kutoka kwenye shina lako bora, yamefungwa kwa majani makavu kama watoto wachanga. Uliyachimba mwenyewe. Nilikuwa darasa la sita, nilikushikia kamba. Nani angejua kwamba ugonjwa ulikuwa tayari umo ndani, umelala? Kwetu haukuwa hata umeonekana. Ulionekana kule kwanza. Majani ya Mzee Balume yakawa manjano na kulegea, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizikata, ndani ni kahawia kama kutu. Kwao wana panga moja zuri la kukatia migomba ambalo ndugu wote wanaazimana siku za salongo, kazi ya pamoja. Lile panga likatoka shamba lake, likaingia kwa kaka yake, likaingia kwa jirani, na kila lilipokata liliacha ugonjwa. Kilima kizima kikaanguka. Ndipo Mzee Balume akatuma neno: "Binti tulimupokea. Ugonjwa hatukuomba. Mutu wa ile nyumba asikanyage tena huku."

Nakumbuka ulivyolipokea neno lile. Hukukasirika. Ulienda ukakaa kwenye jiwe la kunolea panga mpaka Mama akakuletea chakula huko huko.

Kisha ukaenda kwenye yale mafunzo ya parokia Masisi, ukarudi na dawa ambayo haikuwa dawa. Ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, livunjwe mara ndizi zinapokwisha kujipanga, kwa sababu wadudu wanaleta ugonjwa kupitia humo. Livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Panga lolote lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Machipukizi yasizunguke tena kutoka nyumba hadi nyumba. Ni hayo tu. Ulimwandikia Mzee Balume yote hayo, mimi ndiye niliyeshika kalamu, na juu kabisa ulitaka niandike "Nisamehe." Barua ile ilirudi haijafunguliwa.

Hata kwetu walikucheka. Baada ya misa ulisimama mbele ya kanisa, watu wakakupita. "Mwalimu wa migomba, leo unatufundisha nini?" "Papa, nikivunja ua, bibi yangu njo atazaa?" Nilikuwa nikiona haya, Papa. Leo naweza kukuambia. Nilikuwa binti wa sekondari mwenye sare safi, na nilipita upande mwingine wa barabara ili wasichana wasijue kwamba yule anayepiga kelele na kijiti ni baba yangu. Nisamehe.

Kisha vita vikapanda kilima, tukakimbilia Sake.

Nimefikiri sana juu ya kambi ile. Hatukuwa na kitu. Hema letu liligusana na la Mama Kanyere kutoka upande wa Walikale, nyuma yetu watu wa Kingi, mbele yetu watu ambao lugha yao hatukuielewa vizuri. Watu wa vilima ambavyo havijawahi kuoana walikuwa wanakohoa kwa kupokezana kupitia plastiki moja. Na hapakuwa na mgomba hata mmoja. Hapo ndipo ulipoanza tena! Mama Kanyere alikuambia mbele ya foleni nzima ya maji, "Papa, hapa hata jani ya mugomba hatuna, unafundisha nani?" Nawe ukaingia hemani kwake bila hodi, ukachukua kitunguu chake kimoja chekundu, ukakifunga kwa kamba kwenye nguzo ya hema, kikaning'inia. "Hii njo ua," ukasema. "Mutazame." Ukachukua kijiti chenye panda, ukakishika kitunguu shingoni, ukakizungusha, kikaanguka. Watu walicheka mpaka wakamwaga maji. Mama Kanyere akapiga kelele, "Rudisha kitunguu yangu!" Ukamrudishia, ukaomba tena kesho yake.

Tangu siku ile hakuna aliyekuita kwa jina. Ukawa Papa Kitunguu. Watoto wakikuona wanakimbilia kukuonyesha vijiti. Na wale watu ambao kijijini wasingekusikiliza, pale walikusikiliza, kwa sababu hawakuwa na shamba la kukimbilia, na kwa sababu kumsikia mtu akizungumza juu ya ndizi kuliwafanya waamini kwamba siku moja watarudi. Mama Kanyere mwenyewe akawa anafundisha wanawake kwenye foleni, tena akikuiga na sauti yako: "Mu-ta-za-me!" Walipoanza kurudi kwao mmoja mmoja, kila mmoja alipita hemani kwetu kukuaga. Mama Kanyere aliondoka siku nne kabla homa haijakushika.

Wewe hukurudi. Sitaandika juu ya ile wiki. Ulikuwepo. Nitaandika tu kwamba ulipokuwa huwezi tena kuinua kichwa uliniuliza, "Balume hajajibu?" Nikasema hajajibu, Papa. Sikujua kudanganya. Tangu siku ile nimejifunza, lakini nimechelewa.

Basi tulikwenda, mimi na Paluku. Matope mpaka magotini, madaraja ya magogo, vizuizi ambako tuliteremka na kueleza sisi ni nani na tunakwenda wapi. Aliwaambia wote, "Huyu ni bibi yangu, tumeoana tu sasa," kama mtu anayeonyesha kitambulisho, na mara mbili walicheka wakatuacha tupite. Nilishika kiuno chake nikiwaza nitasema nini. Nilikuwa nimepanga maneno kwa Kifaransa kwanza ili nisilie, halafu nikayageuza.

Katika kijiji cha kwanza upande wa Walikale tulisimama kuomba maji. Wanaume walikuwa wanaenda kazini, na pale mwanzo wa njia kulikuwa na moto, na kila mmoja alipofika alipitisha panga lake kwenye ndimi za moto, huku na huku, kabla ya kuingia shambani. Paluku akauliza kwa nini. Mmoja akamtazama kama mtu asiyejua kunawa mikono. "Papa Kitunguu anasema mupanga haiingie mu shamba mbele haijapita mu moto."

Papa, niliyasahau maji tuliyoomba. Nilikaa kwenye gogo.

Anasema. Hakusema "alisema". Kwao ulikuwa unasema asubuhi ile ile.

Kijiji cha pili walikuwa na wewe pia. Mwanamke mmoja aliapa kwamba Papa Kitunguu ni padri mzee wa Bunyakiri. Mwingine akasema hapana, ni muuza vitunguu tajiri ambaye malaika alimtokea sokoni. Hakuna aliyekuwa amekuona. Mmoja alisikia kwa shemeji yake, shemeji kwa mwanamke wa kwaya, mwanamke wa kwaya kwa mama mmoja aliyetoka kambini. Na unajua walifanya nini, wewe mtu wangu? Mwanzoni mwa kila shamba la migomba walikuwa wametundika kitunguu! Chekundu, kwenye kamba. Walidhani ni sehemu ya dawa. Nilimwambia mzee mmoja kwamba kitunguu hakina kazi, maua ndiyo ya kuvunja, akanijibu, "Mutoto, tunavunja maua. Lakini kitunguu tunaacha. Tukitoa na ndizi zikufe, weye utalipa?" Nilicheka, nikalia, na Paluku aliyekuwa hajui afanye nini akanipa leso yake yenye oili.

Hata wao, baada ya salamu, hawakuniuliza ninatoka ukoo gani. Nami sikusema. Mtu wa kwanza kuambiwa ni Dada, nikajiambia. Nikafunga mdomo.

Tulifika kwake mchana. Alikuwa anapepeta maharagwe. Aliuangusha ungo, akanikumbatia, akamwangalia Paluku kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Huyu? Mufupi vile!" Kisha akauliza, "Na Papa? Papa iko je?" Na kabla sijafungua mdomo Mzee Balume akatokea nyuma ya nyumba. Amezeeka, lakini ile taya yake ni ile ile. Nyuma yake niliona shamba. Migomba imesimama, Papa. Mikungu mizito, kila mmoja umevunjwa ua lake vizuri, pale pale ulipotaka, si juu, si chini. Na kwenye kingo, kitunguu.

"Mimi sikusema mutu wa ile nyumba asikanyage huku?" akamwuliza Dada, si mimi.

Nilipiga magoti. Nilisema, "Papa Mukwe, nimekuja na neno." Akanikatiza. Akanionyesha shamba kwa fimbo. "Unaona? Ile yote baba yako aliua. Ni mutu mwengine aliiponesha, mutu sijamuona hata siku moja. Kama baba yako angekuwa na akili ya Papa Kitunguu, sisi leo tungekuwa ndugu."

Papa, nilikuwa nimebeba kifo kimoja, na pale nikajua kwamba ni lazima nilete viwili kwa mtu mmoja: cha adui yake na cha mponyaji wake. Sikukumbuka hata moja la yale maneno niliyoyapanga. Nilisema tu. Nikasema Papa Kitunguu ni baba yangu. Nikasimulia hema, kitunguu cha Mama Kanyere, kijiti. Nikasimulia barua. Na kwa sababu nilikuwa nimeshaanza, na Dada alikuwa ananiangalia huku uso ukimng'aa kwa kukufahamu, akiwa na fahari, karibu acheke, nikasema na lile lingine. Kwamba tulikuzika Sake.

Dada hakupiga kelele. Aliinama akaanza kuokota maharagwe, moja moja, akiyarudisha kwenye ungo. Paluku akapiga magoti kando yake akaokota naye. Hapo ndipo nilipojua nimeolewa na nani.

Mzee Balume alivua kofia. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwenye ile taya, "Kila asubuhi namutukana yule mutu. Nikimaliza, nashika kijiti, naenda kufanya yenye anasema."

Kisha akaniuliza lile swali. "Alikufa anajua kama migomba yangu imesimama?"

Nikasema hapana. "Alikufa akiuliza kama umejibu," nikamwambia.

Tulikaa matanga. Alikaa nasi chini, mkeka mmoja, siku zote. Alikataza mtu kugusa mbegu za maharagwe alizokuwa amezitunza kwa msimu, akaziandaa mwenyewe kwa ajili ya Mama. Alimchinjia Paluku jogoo, akamwita mkwe. Na asubuhi ya kuondoka alishika mpini wa pikipiki, akaniambia, "Mwambie..." akasimama. Akakumbuka. Akatazama chini. Halafu akasema, "Weye ulisoma. Umuandikie. Umuandikie kama Balume amejibu."

Basi ndiyo barua hii, Papa. Balume amejibu. Amejibu kila asubuhi, na kijiti mkononi, wakati sisi tulikuwa tumekaa Sake tukingoja karatasi. Ungejua. Laiti ungejua kwa siku moja tu. Ninaandika haya na Paluku amelala mchana kwenye kiti, mdomo wazi, mzuri kupita kiasi, na nina furaha, na nimelowa machozi mpaka kwenye kola. Sijui mambo haya mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja, lakini yanakaa.

Bado neno moja. Wakati wa kurudi hatukupita njia ile ile, kwa sababu ya askari. Tulizunguka mbali, ndani ya msitu, vijiji ambavyo sikuvijua hata kwa jina. Katika kimoja tulimkuta mama kijana, mtoto mgongoni, anavunja ua la mgomba wake wa kwanza. Alikuwa anakosea, anavuta badala ya kuzungusha. Nilimwonyesha. Akafurahi sana, akaniuliza kama ninamfahamu Papa Kitunguu, maana naonekana ninajua kazi. Nikasema namfahamu.

"Tunasikia siku moja atafika mpaka huku," akasema. "Ukimuona, umusalimie."

Yule si ndugu yetu, Papa. Sina kifo cha kumpelekea. Ningeweza kumsahihisha, nami ni mtu wa shule, napenda kusahihisha. Paluku aligeuza uso wake kwangu, akangoja. Nikasema, "Nitamsalimia."

Kwa hiyo hajambo yule mama, na mtoto wake hajambo, na anakusalimia.

Nakuahidi hivi: kwa watu wetu kifo chako nitakipeleka kwa miguu yangu, mlango kwa mlango, kama Mama alivyonifundisha. Kwa wengine sitakimbilia. Waache waseme unasema. Na salamu zozote watakazonipa barabarani, nitakuwa nakuletea.

Lala salama, Papa Kitunguu.

Binti yako mdogo,
bibi wa Paluku